Kabla Hujazungumza na Mgeni kwa Mikono: Mambo ya Kuzingatia

Msimu wa kaskazi ukifika na meli za watalii zikatia nanga Kilindini, sisi tunaouza, kuongoza wageni au kuendesha tuktuk mjini Mombasa hutumia mikono kuliko ulimi. Zingatia haya kabla hujaingia kazini.

Usitoe wala kupokea pesa kwa mkono wa kushoto. Mwanamke Mwislamu usimnyoshee mkono kwanza. Weka kiganja kifuani, naye akitaka kukupa mkono atakupa. Mtu mzima usimwite kwa kidole kimoja.

Kidole gumba kilichoinuliwa, ambacho kwetu ni ishara ya mambo kuwa sawa, Mwirani wa makamo hukiona kuwa tusi. Duara la kidole gumba na cha shahada, ambalo wapiga mbizi hulitumia baharini kuambiana kwamba wako salama, kwa Mbrazili ni matusi mazito.

Vidole viwili vinataka uangalifu zaidi. Mwaka 1941 Mbelgiji Victor de Laveleye alipendekeza herufi V iwe alama ya ushindi katika matangazo ya BBC, Winston Churchill akaieneza kwa vidole, na miaka ya tisini waliodai vyama vingi hapa Kenya wakaiinua dhidi ya kidole kimoja cha chama tawala cha wakati huo, KANU. Hata hivyo, kiganja sharti kiwaelekee watu, kwa kuwa ukiwaonyesha Waingereza au Waaustralia mgongo wa mkono umewatukana.

Linaloniuma zaidi ni la vidole vitano. Karibu na Fort Jesus nilimwona kijana wa madafu akiulizwa bei na baharia Mgiriki. Dafu lilikuwa shilingi hamsini, na kwa kuwa kulikuwa na kelele za magari, kijana alitanua vidole vyote na kukisukuma kiganja mbele ya uso wa mteja ili aone vizuri. Baharia alimpiga kofi la mkono, dafu lililokwisha kufunguliwa likamwagika juu ya mkokoteni, na kijana akabaki kuuliza, "Mzee, nimemkosea nini?" Hakuna aliyemjibu, ingawa kosa lilikuwa zito machoni pa yule mgeni. Kwa Wagiriki kiganja hicho huitwa moutza, na asili yake huelezwa kuwa adhabu ya zama za Bizanti, dola ya kale iliyotawala Ugiriki, ambapo mhalifu alipandishwa punda kinyumenyume, akatembezwa mitaani na kupakwa masizi usoni kwa mkono uliotanuliwa.

Usidhani basi kwamba kugeuza mkono kutakuokoa kila mara, maana mgongo wa mkono unaomfaa Mgiriki kwa tano ndio unaomchukiza Mwingereza kwa mbili. Andika bei kwenye kibao ukitundike mkokotenini, au uionyeshe kwenye simu. Usimwelekezee mtu kidole usoni, usimshike mtoto wa mgeni kichwani bila idhini ya mzazi, usimvute mteja kwa mkono hata kama jirani yako anamwita, na ukiona uso umebadilika, shusha mikono na umwombe radhi kabla ya kutaja bei tena.