Jinsi ya kupima kioo kipi kinakuchosha macho

Ubishi wa kioo kipi cha simu, kompyuta au kisomea vitabu huchosha macho zaidi, kati ya LCD (chenye taa nyuma yake), OLED (ambacho kila nukta hujitolea mwanga) na wino wa kielektroniki (kama wa visomea vitabu), hauishi, na wengi wanaobishana hawajapima chochote. Pima kwa macho yako mwenyewe. Ya mwenzako hayatakusaidia.

Kazi kubwa ni kusawazisha mambo kabla hujaanza. Kioo kinachong'aa kuliko chumba kitakuchosha, kiwe cha aina yoyote. Fungua ukurasa mweupe, weka karatasi nyeupe kando yake, kisha punguza mwangaza mpaka vilingane. Herufi zipime kwa rula juu ya kioo chenyewe, kwa kuwa saizi 12 ya simu na ya kompyuta huenda zikapishana kwa milimita. Umbali uwe mmoja kwa vyote, tuseme sentimita 50. Kila kioo kipe siku yake, saa ileile. Ukivipima mfululizo, cha pili kitabebeshwa uchovu wa cha kwanza.

Sasa ziba jicho moja. Shika kadi yenye maandishi madogo, isogeze polepole kuelekea jicho lililo wazi. Herufi zikianza tu kufifia, simama, na mtu akupimie kwa rula kutoka kwenye kadi hadi pembe ya nje ya jicho. Rudia mara tatu, andika zote. Soma dakika 40, kisha pima upya. Herufi zikififia mbali zaidi kuliko mwanzo, jicho limechoka kulenga karibu. Kipimo hiki nakiamini kuliko maneno ya mtu ambaye tayari ana kioo anachokipenda.

Wakati unasoma, kamera ikurekodi uso. Kwa kawaida tunapepesa macho kama mara 15 hivi kwa dakika. Mbele ya kioo hupungua sana, na jicho hukauka. Usijihesabu mwenyewe papo hapo, kwani ukijua unahesabu utapepesa zaidi. Mwishoni jipe alama 0 hadi 10 za kuwashwa, ukavu na kichwa kuuma, kabla hujaangalia namba nyingine.

OLED nyingi hupunguza mwangaza kwa kuwaka na kuzima haraka mno. Piga picha ya kioo kwa kasi ya 1/1000 ya sekunde. Ukiona mistari myeusi, ndiko kuwaka na kuzima huko; rudia jaribio mwangaza ukiwa juu na chumba kikiwa na taa zaidi.

Tofauti ya vioo viwili ikiwa ndogo kuliko tofauti ya marudio yako matatu, usitangaze mshindi. Rudia wiki nyingine.