Skafu ya Bandana ya Kroshia: Namna Ninavyoifuma kwa Baridi ya Njombe

Kuanzia Juni hadi Agosti huku Njombe baridi haina mchezo. Ukipanda kuelekea Makete hadi Kitulo, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kuna asubuhi unakuta sakitu imelala juu ya nyasi. Wanaoteseka zaidi ni wenye bodaboda: koti wanalo, glavu wanazo, lakini upepo unaingia pale kola ya koti inapoachia kifua. Skafu ndefu siwashauri kabisa, maana ncha zake hupeperuka na zinaweza kunaswa na gurudumu au cheni. Ndiyo sababu ninawafumia skafu ya bandana: shingoni ni mviringo uliofungwa, na mbele inashuka pembetatu inayoingia ndani ya koti. Huna cha kufunga wala kinachoning'inia.

Vifaa. Bonge moja la uzi wa sweta wa unene wa kati, gramu 100, linatosha. Sindano ya kroshia namba 6, yaani milimita 6. Halafu mkasi, futi ya fundi cherehani, na sindano butu yenye tundu kubwa ya kufichia ncha za uzi. Sufu halisi ina joto zaidi, lakini uzi wa akriliki ndio unaopatikana kirahisi, na hauwashi shingo.

Mishono. Mifumo iliyoandikwa Marekani na ile ya Uingereza hutumia majina yaleyale kwa mishono tofauti, na wengi huharibikiwa hapo. Kwa hiyo fuata mkono, usifuate jina. *Cheni*: ukiwa na kitanzi sindanoni, zungusha uzi, uvute upite ndani ya kitanzi hicho; kila mvuto ni cheni moja. *Mshono mrefu*: zungusha uzi kwenye sindano, chomeka, vuta uzi, sasa una vitanzi vitatu. Zungusha uzi, pitisha kwenye viwili. Zungusha tena, pitisha kwenye viwili vilivyobaki. *Mshono mfupi*: chomeka bila kuzungusha uzi kwanza, vuta, kisha zungusha upitishe kwenye vitanzi vyote viwili. *Mshono wa kufungia*: chomeka, vuta uzi moja kwa moja hadi utoke kwenye kitanzi kilichoko sindanoni.

Kabla ya yote fuma kipande cha majaribio. Mishono mirefu 12 inatakiwa ikupe sentimita 10. Ikizidi hapo, mkono wako umelegea, chukua sindano ndogo kidogo. Ikipungua, chukua kubwa zaidi.

Hatua ya 1: pembetatu. Tunaanzia kwenye ncha ya chini. Fuma cheni 4. Kwenye cheni ya kwanza kabisa, ile iliyo mbali na sindano, weka mishono mirefu 2. Zile cheni 3 zilizobaki zinahesabika kama mshono mmoja, kwa hiyo una 3.

Geuza kazi. Panda cheni 3 (huo ndio mshono wa kwanza), ongeza mishono mirefu 2 palepale zilipoanzia cheni hizo, kisha mmoja mmoja hadi ufike mshono wa mwisho, ambao unauwekea 3. Umepata 7. Rudia hivyo hadi mstari wa 9. Kila mstari unaongezeka mishono 4: 3, 7, 11, 15, 19, 23, 27, 31, 35.

Hesabu kila mstari, nakusihi. Mshono wa mwisho upo juu ya zile cheni 3 za mstari uliotangulia, nao hujificha. Anayejifunza huuruka bila kujua, na pembetatu inaegemea upande mmoja. Ukiona 34, fumua mstari huo sasa hivi. Ukiacha, kasoro itakufuata hadi shingoni.

Hatua ya 2: kuunganisha. Mstari wa 9 ukiisha, usigeuze. Fuma cheni 33, zilaze mezani zinyooke, kisha ziunge kwa mshono wa kufungia juu ya cheni 3 zilizoanza mstari huohuo. Zikijisokota wakati wa kuunga, shingo yote itatoka imepinda, na dawa yake ni kufumua tu. Sasa mzunguko una mishono 68, karibu sentimita 57.

Hapa nina la kusisitiza: pima kichwa, si shingo. Skafu ya kwanza niliyouza niliipima shingoni, ikakaa vizuri mno. Kesho yake yule kijana akanirudia nayo mkononi: "Mama, hii haipiti kichwani." Nilimfumia nyingine. Kwa mwenye rasta au nywele nyingi, fuma cheni 39 badala ya 33. Kwa mtoto, ishia mstari wa 7 wa pembetatu, wenye mishono 27, kisha cheni 33, unapata 60. Idadi iwe shufwa daima, hatua ya 4 inaitaka.

Hatua ya 3: shingo. Panda cheni 3, fuma mshono mrefu kwenye kila mshono na kila cheni kuzunguka, funga. Fanya mizunguko 10, bila kuongeza wala kupunguza.

Hatua ya 4: pindo la juu. Baada ya hiyo 10, fuma mizunguko 2 ya mwisho ya mishono mirefu, ila usichomeke juu ya mshono. Zungushia sindano kwenye shina lake, yaani ile sehemu ya mshono iliyosimama wima, mmoja kwa mbele, unaofuata kwa nyuma, hivyohivyo hadi mwisho. Inatokea mistari kama ya mkono wa sweta: inavutika kupita kichwani, kisha inarudi kubana shingo.

Hatua ya 5: ukingo wa chini. Unganisha uzi nyuma ya shingo, zunguka kwa mishono mifupi: mmoja kwa kila cheni, 2 kwa kila mwisho wa mstari wa pembetatu, na 3 kwenye ncha ili ibaki kali. Ficha ncha za uzi kwa kupita huku na kurudi, angalau mara tatu.

Fua kwa maji ya baridi, kamua kwa kubonyeza ndani ya taulo, ilaze juu ya kitu bapa ikauke. Ukiianika kwenye kamba ikiwa na maji, itarefuka. Akriliki usiipige pasi, joto linaiua na haivutiki tena.