Mambo ya kuzingatia kabla ya kupiga upya Windows kwenye kompyuta mpakato ya zamani isiyo na diski zake

Wengi wenye kompyuta mpakato za mtumba huahirisha kazi ya kuweka mfumo endeshi upya kwa sababu hawakupewa CD za awali, nao huamini kwamba bila hizo hakuna linalowezekana. Kwa kweli CD ndicho kitu chepesi kuliko vyote kukipatia mbadala, kwa kuwa Windows na Linux (mfumo endeshi mwingine wa bure) zote hupakuliwa kutoka tovuti za watengenezaji wenyewe na kuwekwa kwenye flashi ya GB 8. Vigumu kuvipata tena ni mafaili yako, ufunguo wa leseni, na draiva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa kama Wi-Fi na sauti, za modeli ambayo mtengenezaji ameshaiacha. Vitu hivyo vimo ndani ya mashine ileile unayotaka kuifuta, au vimebandikwa juu yake, na kwa hiyo maandalizi yafanyike wakati bado inawaka, hata kama inawaka kwa kusuasua.

Anza na mafaili, wala usiridhike kunakili folda ya nyaraka peke yake. Mwanafunzi wa Nyegezi, hapa Mwanza, huenda sura za utafiti wake ziko kwenye skrini ya mwanzo, huku majedwali yakiwa katika folda ya vitu vilivyopakuliwa. Mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba, huenda orodha ya anaowadai imo ndani ya programu ya hesabu ambayo huhifadhi data zake mahali ambapo mtumiaji wa kawaida hafiki. Programu ya namna hiyo huwa na sehemu yake ya kutolea nakala rudufu. Itumie hiyo, na uandike kwenye daftari namba ya leseni yake, maana folda iliyonakiliwa kwa mkono inaweza isifunguke tena. Nywila ambazo umezoea kukumbushwa na kivinjari nazo zitafutika, kwa hiyo zihamishe au ziandike, na uhakikishe kwamba laini ya simu inayopokea namba za uthibitisho wa barua pepe yako bado iko mikononi mwako. Fahamu pia kwamba flashi iliyopangwa (format) kwa mtindo wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, hivyo video ya harusi inaweza kukataliwa hata kama nafasi ipo. Flashi tupu ipange kwanza kwa exFAT. Ukimaliza kunakili, chomeka flashi kwenye kompyuta nyingine na ufungue mafaili kadhaa ya kila aina kabla ya kugusa diski ya zamani.

Fedha ikiruhusu, njia ninayoiamini kuliko zote ni kununua SSD, yaani diski ya kisasa yenye kasi, ya inchi 2.5, ambayo huingia moja kwa moja mahali pa diski kuu ya kawaida yenye kiunganishi cha SATA, ukaweka mfumo mpya humo na kuitunza diski ya zamani bila kuifuta. Kompyuta iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka itabadilika sana, na faili lolote utakalogundua baadaye kwamba ulilisahau litakuwa bado lipo. Kama diski hiyo ya zamani imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data, tafuta mapema ufunguo wake wa tarakimu 48, kwa kuwa bila huo haitasomeka nje ya mashine yake. Hata usiponunua SSD, ipime afya ya diski uliyonayo kwa programu kama CrystalDiskInfo; ikionyesha dalili ya kuharibika, kuweka mfumo mpya juu yake ni kupoteza muda na bando.

Suala la leseni linategemea umri wa mashine. Kompyuta zilizotoka na Windows 7 zina kibandiko chenye ufunguo wa herufi na tarakimu 25, ama chini ya mashine ama ndani ya nafasi ya betri. Kibandiko cha chini aghalabu kimesuguliwa na meza na mapaja hata wino umefifia. Kimulike kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, kipige picha, kisha uikuze picha hiyo na kunakili makundi matano ya alama tano tano. Katika funguo za wakati huo hakuna sifuri wala moja wala tano, na hakuna irabu hata moja wala herufi S. Kwa hiyo duara unalodhani ni O litakuwa Q, D au G, na alama inayofanana na S itakuwa 8, 6 au nyingine ya jamii hiyo. Hakikisha B na 8 hujazibadilishana. Kompyuta zilizotoka na Windows 8 au toleo la baada yake kwa kawaida hazina kibandiko cha namna hiyo, kwani ufunguo umehifadhiwa ndani ya ubao mama, na programu ya kusakinisha huusoma yenyewe. Kama Windows 10 ilikuwa imeshaidhinishwa kihalali kwenye mashine hiyo, huhitaji kuandika ufunguo wowote. Ruka hatua hiyo, weka toleo lilelile lililokuwepo, yaani Home kwa Home au Pro kwa Pro, nayo itajiidhinisha ikipata intaneti. Usikubali programu za kuvunja leseni, hata kama fundi atakuambia kwamba kila mtu anazitumia. Programu hizo mara nyingi hutaka uzime kinga ya virusi kabla ya kuziendesha, na zikishaingia zinaweza kufanya lolote katika kompyuta ambamo unafungulia barua pepe na akaunti za fedha.

Hilo linaleta swali la mfumo upi unafaa. Windows 7 iliacha kuungwa mkono na mtengenezaji kwa masasisho ya usalama Januari 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, ramu ya GB 4 na diski ya GB 64, na kompyuta nyingi za zamani hazifikii masharti hayo. Kwa mashine ya biti 64 yenye ramu ya GB 2 hadi 4, ningependekeza matoleo mepesi ya Linux, yaani Linux Mint ya Xfce au Lubuntu. Zote ni halali na hazidai ufunguo. Yenye prosesa ya biti 32 tu inaweza kutumia Debian 12, toleo jingine la Linux, ambayo ndiyo ya mwisho katika Debian kuwa na kisakinishi cha aina hiyo. Ukiandika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, utaona modeli, aina ya prosesa, kiasi cha ramu, na kama mashine inawaka kwa UEFI, yaani mtindo mpya wa kuwasha, au kwa mtindo wa zamani (Legacy). Nakili yote hayo.

Kabla ya kupakua chochote, jaribu sehemu ya urejeshaji ambayo huenda mtengenezaji aliificha ndani ya diski: F11 kwa HP, Alt pamoja na F10 kwa Acer, F9 kwa Asus, na tarakimu 0 kwa Toshiba, vikibonyezwa wakati wa kuwasha. Usiithibitishe hatua ya mwisho mpaka mafaili yawe salama, kwa sababu hufuta kila kitu.

Faili la Windows 10 linazidi GB 5, na la Linux Mint hukaribia GB 3. Mkazi wa kisiwa cha Ukerewe anayevuka kuja mjini kwa ajili ya intaneti yenye kasi asirudi kwao Nansio kabla ya kuhakiki faili alilopakua, kwani kosa dogo la upakuaji litamrudisha kwenye kivuko. Katika dirisha la amri la Windows (Command Prompt), amri ya certutil -hashfile, ikifuatwa na jina la faili na neno SHA256, hutoa alama 64 za kulinganisha na zile zilizochapishwa na mtengenezaji. Safari hiyohiyo apakue draiva ya Wi-Fi, au kwenye Windows 10 afungue dirisha hilo la amri kama msimamizi (Run as administrator) na kutumia dism /online /export-driver /destination:E:\draiva kuzitoa zilizomo, akibadilisha E kwa herufi ya flashi yake. Waya wa simu uwepo pia, maana mara nyingi kompyuta hupata intaneti ya simu kupitia USB hata kabla Wi-Fi haijatambuliwa.

Betri iliyokufa huifanya mashine izimike papo hapo umeme unapokatika, na katika miezi ya mvua na radi hapa Mwanza hilo si la kupuuza. Azima betri nzima, tumia UPS, kifaa cha kuhifadhi umeme wa dharura, au chagua siku tulivu.

Mwisho, angalia saa ya kompyuta. Ikiwa hurudi nyuma miaka kila inapozimwa, betri ndogo ya ubao mama, ambayo mara nyingi ni CR2032, imekwisha, na tarehe isiyo sahihi huzuia tovuti salama kufunguka na huweza kukwamisha uidhinishaji wa leseni. Ibadilishe kwanza. Kisha chomeka flashi yenye mfumo mpya, washa mashine na ubonyeze F12 kwa Dell, Lenovo na Toshiba, Esc halafu F9 kwa HP, au Esc kwa Asus. Kama umechagua Linux, iendeshe kwanza kutoka kwenye flashi na ujaribu Wi-Fi, sauti na kibodi kabla ya kuiruhusu kugusa diski.