Kufunga modemu ya simu kwenye kompyuta kuukuu ya Linux

Anza na modemu yenyewe, amri zitafuata. Kadi nyingi za PCI za mwishoni mwa miaka ya 1990 ni winmodemu: hazina chipu ya kugeuza data kuwa sauti, kazi hiyo imeachiwa programu ya Windows. Chache zina draiva (programu za kuendesha kifaa) za Linux, tena za toleo fulani tu la kerneli (kiini cha mfumo); ukibadilisha kerneli, draiva inakufa. Usijisumbue nazo. Tafuta modemu ya nje ya siriali, yenye taa zake na adapta yake ya umeme, mfano U.S. Robotics Courier. Hiyo haihitaji draiva maalumu.

Waya uwe wa siriali wa kawaida, kwa kawaida pini 9 upande wa kompyuta na 25 upande wa modemu. Ule wa kuunganisha kompyuta mbili una nyaya zilizopishana ndani, haufai hapa. Laini ya simu iwe ya analogi. Laini ya kidijitali ya ofisini inaweza kuunguza modemu.

Washa modemu, kisha andika:

dmesg | grep ttyS

Utaona mstari unaotaja ttyS0 (ndiyo COM1, poti ya kwanza ya siriali), 0x3f8, irq 4 na aina ya chipu. Ikiwa ni 16550A, uko salama: inahifadhi baiti 16 huku prosesa ikishughulika na mengine. Ikiwa ni 8250 au 16450, inashika baiti moja tu, na kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde herufi zitapotea. Shusha hadi 19200. Usipoona kitu, huenda poti imezimwa kwenye BIOS (mipangilio ya kuwashia kompyuta).

Sasa ongea na modemu ana kwa ana. Hatua hii wengi huiruka, halafu wanahangaika na mafaili ya PPP (itifaki ya kupitisha intaneti kwenye laini ya simu) wakati tatizo ni waya. Fungua minicom -s (programu ya kuandikiana na modemu), weka /dev/ttyS0, 115200 8N1, Hardware Flow Control iwe Yes na Software iwe No. Andika AT, bonyeza Enter, usubiri OK. Ukiambiwa huna ruhusa, jiunge na kundi la dialout, toka, uingie upya.

Piga simu kwa ATDT ikifuatiwa na namba ya mtoa huduma. Kama ofisini mnapiga 9 kwanza, andika 9 na koma. Koma ni kituo cha kama sekunde mbili. NO DIALTONE huku ukisikia mlio sikioni maana yake modemu haiutambui mlio wa nchi yako: tanguliza ATX3, itapiga bila kuusubiri. Baada ya CONNECT, zikimwagika takataka kama ~}#}!}!} } usiogope, upande wa pili umeshaanza PPP. Toka minicom kwanza, isije ikaishikilia poti.

Kazi iliyobaki ni ya wvdial, programu ya kupiga simu na kuunganisha. Ukiwa root (msimamizi mkuu):

wvdialconf /etc/wvdial.conf

Itatafuta modemu na kuandika faili. Lifungue, ondoa nukta-mkato mwanzoni mwa mistari ya Phone, Username na Password, uijaze. Kama uliona takataka zile, ongeza Stupid Mode = 1, ili pppd (programu inayoendesha PPP) ianze papo hapo bila kungoja kuulizwa jina. Kama uliona neno login, usiiweke. Nenosiri limo wazi, kwa hiyo andika chmod 600 /etc/wvdial.conf, ili root tu alisome. Kisha andika wvdial.

Ukipata "LCP: timeout sending Config-Requests", upande wa pili hauongei PPP, mara nyingi bado unasubiri jina lako, basi ondoa Stupid Mode.

Kero kubwa zaidi ni kuunganishwa halafu kurasa zisifunguke. Andika route -n. Kama njia ya msingi (0.0.0.0) bado inapita eth0 (kadi ya mtandao wa waya), pppd haitaiondoa: fanya route del default, upige upya. Kama ping (jaribio la mawasiliano) ya anwani ya namba inajibu lakini ya majina haijibu, ongeza usepeerdns kwenye /etc/ppp/peers/wvdial. Anwani za DNS (seva zinazogeuza majina kuwa namba) zitaandikwa /etc/ppp/resolv.conf, zisipofika /etc/resolv.conf zenyewe, zinakili kwa mkono.

Kukata ni Ctrl+C, mara moja tu. Hakikisha taa ya OH (inayoonyesha laini inatumika) imezimika. Ikiendelea kuwaka laini bado imeshikwa na bili inapanda. Zima modemu kwa swichi.