Jinsi ya kuomba amri ya ulinzi dhidi ya ukatili wa nyumbani: mwongozo kwa familia za wafugaji nchini Kenya

Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 inampa mtu anayeteswa na mwenzi au jamaa yake haki ya kuomba mahakamani amri ya kumzuia mtesaji asimdhuru, asimtishe wala asimkaribie. Sheria ni moja kwa Wakenya wote. Hata hivyo, kwa Wamaasai, Wasamburu, Warendile na wafugaji wengine, ambao Ibara ya 260 ya Katiba inawahesabu katika jamii zilizotengwa, njia ya kuifikia amri hiyo ina vikwazo vya pekee: mahakama iko mbali na boma, shauri limezoewa kupelekwa kwa wazee kwanza, na mlalamikiwa anaweza kuwa amehamia malishoni na mifugo siku ambayo hati inatakiwa kumfikia.

Anayeweza kuomba si mke peke yake. Mume, mchumba, mtalaka, mtu anayeishi nyumba moja na mtesaji, na jamaa wa damu au wa ndoa wote wana haki hiyo, na kukosa cheti cha ndoa hakumfungii mlango aliyeolewa kimila. Mtoto huombewa na mtu mzima. Vilevile, mtu ambaye kwa ugonjwa au kwa hofu hawezi kwenda mwenyewe anaweza kuombewa na mwingine. Ukatili nao una maana pana kuliko kipigo, kwa kuwa sheria inataja ukeketaji, ndoa za utotoni na za kulazimishwa, kurithi mjane kwa nguvu, ukatili wa kingono ndani ya ndoa, vitisho, matusi, kunyimwa riziki na hata kuingiliwa na wakwe.

Suala la wazee linastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndilo linalowarudisha wengi nyumbani kabla hawajafika mahakamani. Ibara ya 159 ya Katiba inazitambua njia za jadi za kutatua migogoro, lakini kwa sharti kwamba zisivunje haki za msingi za mtu. Kwa hiyo mashauri yakiwa yanaendelea chini ya mti, au hata faini ya ng'ombe ikiwa imeshalipwa, mwombaji bado anaweza kwenda kwa hakimu. Kosa la ubakaji au unajisi halifutwi na mapatano ya familia, kwa kuwa kesi ya jinai ni ya Serikali. Ikiwa wazee walikaa, mwombaji aeleze katika maombi yake walikaa lini, waliamua nini na mlalamikiwa alifanya nini baada ya hapo. Mume aliyeahidi mbele ya wazee kwamba hatarudia, kisha akarudia, amempa mwombaji ushahidi ambao karatasi ya hospitali peke yake haiwezi kuutoa.

Kabla ya mahakama, aliyejeruhiwa atangulie kwenye matibabu. Aliyebakwa ajitahidi kufika kituo cha afya ndani ya saa 72, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi hazifai kuanzwa baada ya muda huo, naye asioge wala kufua nguo alizovaa. Kisha taarifa ipelekwe polisi, iandikwe kwenye kitabu cha matukio, na mwombaji aondoke na nambari ya OB, yaani ya taarifa yake katika kitabu hicho, pamoja na fomu ya P3, ambayo ni fomu ya polisi ya kuandikia majeraha, haiuzwi, na mhudumu wa afya huijaza. Ana haki ya kuandikisha maelezo mbele ya askari wa jinsia yake. Ifahamike pia kwamba maombi ya amri ya ulinzi ni shauri la madai, hivyo hayangoji mtesaji akamatwe au ashtakiwe.

Maombi hupelekwa katika mahakama ya hakimu, kama vile zilizopo Narok, Kajiado, Kilgoris, Loitokitok na Maralal, na wanaoishi mbali zaidi waulize kwa chifu ni siku gani mahakama ya kuhamahama hufika karibu nao. Masjala nyingi sasa husajili mashauri kwa mtandao, lakini asiye na simu wala barua pepe aende dirishani na kuomba kusaidiwa. Wakili si lazima. Anayemhitaji na hana uwezo aulizie Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, au FIDA-Kenya, shirika la mawakili wanawake.

Karatasi kuu ni mbili: maombi yenyewe na hati ya kiapo, yaani maelezo ambayo mwombaji anaapa kuwa ni kweli. Kiswahili ni lugha halali ya mahakama hiyo. Asiyejua kusoma asomewe hati yake kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia kidole gumba, na aliyemsomea aandike kwamba amefanya hivyo. Kwa maoni yangu, hati ya kiapo ndiyo inayobeba maombi yote, na udhaifu wake wa kawaida ni maneno ya jumla. “Mume wangu hunitesa sana” hayamwambii hakimu jambo la kushika. Linganisha na haya: “Jioni ya siku ya mnada, baada ya mbuzi kuingizwa zizini, mlalamikiwa alinipiga kwa rungu kwenye mkono wa kushoto, mama yake akiwa mlangoni. Alisema nikienda kwa chifu ataichoma nyumba.” Asiyekumbuka tarehe ataje mnada, tohara, mvua au kuhama kwa boma, kisha karani amsaidie kupata mwezi na mwaka. Makazi nayo yaelezwe kwa alama za kudumu, kama kisima, shule au lambo, lakini ikiwa mwombaji amejificha, amwambie karani mapema kwamba mahali alipo pasiandikwe kwenye hati ambazo mlalamikiwa atapewa.

Katika maombi, kila kinachotakiwa kitajwe waziwazi: mlalamikiwa asifike nyumbani au shuleni kwa watoto, asimtumie morani au ndugu kupeleka vitisho, mwombaji abaki katika nyumba, au asindikizwe na askari kwenda kuchukua nguo, kitambulisho na vyeti vya watoto. Hapa wengi husahau vitambulisho na baadaye hukwama.

Hatari ikiwa ya karibu, iombwe amri ya muda, ambayo hakimu anaweza kuitoa bila mlalamikiwa kuwapo akiridhika kwamba kuchelewa kunaweza kuleta madhara. Hati ieleze sababu ya haraka hiyo, kwa mfano kwamba sherehe ya kumkeketa binti imepangwa wiki ijayo. Baadaye pande zote mbili husikilizwa, umma ukiwa nje, na hakimu hupima ni maelezo ya nani yanayoelekea zaidi kuwa kweli. Kiwango kizito cha ushahidi wa jinai hakitumiki. Anayezungumza Kimaa au Kirendile pekee aseme mapema ili mkalimani apatikane, na amkatae jamaa wa mlalamikiwa akitolewa kufanya kazi hiyo.

Amri ikishatolewa, mlalamikiwa lazima aarifiwe. Akiwa malishoni, mwombaji aieleze mahakama jina la eneo la malisho na jina la chifu wa huko, na asikubali kumpelekea karatasi yeye mwenyewe. Nakala moja ibaki kituo cha polisi kilicho karibu, nyingine kwa chifu, nyingine kwa mtu anayeaminika nje ya boma, maana karatasi iliyofichwa chini ya kitanda cha ngozi ndiyo ya kwanza kuchanwa.

Kuivunja amri ni kosa la jinai, lenye adhabu ya faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili. Kila ukiukaji uandikishwe kwa nambari mpya ya OB, hata ukiwa ni ujumbe wa simu tu, na ujumbe huo usifutwe. Mwombaji akihama au hali ikibadilika, arudi katika mahakama ileile kuomba amri ibadilishwe. Simu ya 1195 hupigwa bila malipo kwa ushauri na msaada kwa waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, na ile ya 116 ni kwa masuala ya watoto.