Muvi za Dolores del Río: uanzie wapi ili usiishie njiani

Watu wengi wakisikia huyu mama alikuwa staa mkubwa wa Mexico wanakimbilia muvi zake za mwanzo kabisa, wanakuta hazina sauti, baada ya nusu saa wameshasinzia na ndo basi tena hawarudi. Usianze hivyo. Dolores unamuanzia katikati, mwaka 1943, akiwa anakaribia miaka 40, halafu ndo unarudi nyuma kumuona alivyokuwa binti. Sababu yangu ni moja tu, kule Hollywood walimtaka uso, aliporudi kwao ndo wakampa kazi ya kuigiza.

Historia yake kwa ufupi ili usipotee. Kazaliwa Durango, kaskazini mwa Mexico, 1904, kwao walikuwa na uwezo, mapinduzi ya Mexico yakaja mali ikaondoka na wao wakahamia Mexico City. 1925 mwongozaji wa Hollywood anaitwa Edwin Carewe akamuona huko, akamvuta California yeye na mumewe. Akawa staa enzi za muvi bubu, sauti ikaja bado akawepo, ila kufika mwisho wa miaka ya 1930 kazi zikaanza kukauka, akafungasha akarudi nyumbani.

Kabla hujatafuta chochote, shika hili: andika jina la muvi kwa Kihispania, weka na mwaka. Ukiandika La otra peke yake utaletewa telenovela ya 2002 yenye jina hilohilo, ukiandika La otra 1946 unaipata yenyewe. Nyingi zimepandishwa YouTube, zingine zina maandishi ya Kiingereza chini, zingine hazina kitu, hapo unawasha yale ya kujitengeneza yenyewe, yatakudanganya sehemu sehemu lakini stori utaishika. Usitegemee kukuta imeingizwa sauti ya Kiswahili kama zile za vibanda umiza, hakuna aliyehangaika nazo. Na ukikuta imepakwa rangi achana nayo aisee, tafuta ya nyeusi na nyeupe, utaona kwa nini sasa hivi.

Ya kwanza ni María Candelaria. Mwongozaji Emilio Fernández, wenyewe wanamwita El Indio, kamera kashika Gabriel Figueroa, na mwigizaji mkuu wa kiume ni Pedro Armendáriz, hawa watatu na Dolores ukiwaona pamoja jua unaangalia kitu. Ipo Xochimilco, mahali pa mifereji ya maji na mitumbwi, na ndiyo iliyokuwa kati ya muvi zilizopewa tuzo kubwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, 1946. Dolores ni binti wa kijijini anauza maua, kijiji kizima kimemtenga kwa sababu ya mama yake, yeye na mchumba wake wana kanguruwe kamoja wanakatunza kaje kazae wapate hela ya kufunga ndoa. Halafu anaumwa malaria. Dawa ipo, kwinini ya serikali kabisa, ila anayeigawa ni mwenye duka ambaye alimtaka binti akakataliwa, kwa hiyo anaikalia. Sidhani kama kuna mtu wa huku kwetu anahitaji kuelezewa hiyo hasira.

Unapoangalia, tulia pale mwanzoni anapotoka na mtumbwi wake umejaa maua na wanakijiji wanakuja na mitumbwi yao kumzibia njia. Hapigi kelele. Mtazame macho na mabega, alijifunza kazi kwenye muvi bubu na hapo ndo faida yake inaonekana, anaweza kukaa kimya na wewe ukajua kila kitu. Na tazama mawingu, Figueroa alikuwa anaweka vioo vya rangi mbele ya lenzi ili anga liwe jeusi na mawingu yawake, sasa mtu akishapaka rangi zake za kompyuta pale kaharibu nusu ya muvi. Kasoro ipo pia nisikufiche, nyusi zimechongwa kistaa kabisa, mwanakijiji gani huyo, na mtoto wa watu wenye nacho kuigiza maskini wa wenyeji asilia wa Mexico kuna watu inawakera mpaka leo na siwalaumu.

Ukiipenda hiyo, nenda Flor silvestre ya 1943, timu ileile. Ni ya mapinduzi, mtoto wa tajiri kaoa binti maskini. Nzuri, lakini mi naiweka ya pili.

Ya tatu ndo La otra ya Roberto Gavaldón, na kama ulikua na zile telenovela za Mexico kwenye runinga, hii ni bibi yao kabisa. Mapacha wawili, wote Dolores. Mmoja anahangaika na kazi ya kupaka watu kucha, mwingine mjane tajiri. Maskini anamuua tajiri anachukua nafasi yake, nyumba, nguo, kila kitu, halafu anagundua kuna jambo dogo tu hawezi kuigiza, sahihi ya dada yake, sitakwambia mkono wake anaufanya nini. Hollywood wakaja kuirudia 1964 na Bette Davis, wakaiita Dead Ringer. Ziangalie zote mbili ubishane mwenyewe, mi nipo na Dolores.

Sasa ndo urudi nyuma. Ramona ya 1928 ilidhaniwa imepotea mpaka nakala ikapatikana Prague, imetengenezwa upya, bubu lakini saa hizi utaivumilia maana unamjua mtu. Flying Down to Rio ya 1933 yeye ndo jina kubwa juu, ila watu wanaikumbuka kwa sababu Fred Astaire na Ginger Rogers walianza kucheza pamoja humo. Katika miaka ile walimfanya Mrusi, Mfaransa, Mbrazili, binti wa visiwa vya Pasifiki, yaani popote palipohitajika mgeni mrembo. Chagua mbili tatu, usimalize zote, nyingine ni gauni tu linatembea.

Za uzeeni zina kisa chake. 1954 alitakiwa kwenye Broken Lance, Marekani wakamnyima viza kwa madai ya kuwa na ukaribu na wakomunisti, nafasi akapewa Mmexico mwenzake Katy Jurado naye akateuliwa kugombea Oscar. Miaka sita baadaye akawa mama wa Elvis Presley kwenye Flaming Star. Kabla ya hapo kuna La Cucaracha ya 1959, ya rangi za kweli hii, yupo na María Félix, mastaa wawili wakubwa kuliko wote nchini kwao wanagombea mwanaume mmoja katikati ya vita. Stori yenyewe ya kawaida tu, lakini wakiwa sehemu moja wale wawili hata bando likiisha utakopa.