Mambo ya kuzingatia kabla hujamkabidhi mchapishaji gemu yako

Jiulize kwanza kama mchapishaji, yaani kampuni inayokuingizia gemu sokoni ili ipate mgawo wa mapato, unamhitaji. Kuweka gemu Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, kwa jina lako mwenyewe ni dola 100 za Marekani, ambazo hurejeshwa gemu ikishaingiza dola 1,000, na Steam kwa kawaida hukata asilimia 30 ya mauzo. Anayekuja na ahadi ya kukuingiza Steam tu hana alichokuletea. Anayestahili mgawo ni yule anayetoa fedha za kumalizia kazi, anayegharimia majaribio, tafsiri na matangazo, na anayekubali hayo yote yaandikwe.

Anayetaka umlipe ndipo akuchapishie, achana naye. Waandikie watengenezaji aliowahi kufanya nao kazi, hasa wale ambao gemu zao hazikuuzika.

Kisha soma kipengele cha gharama, na ukisome mara mbili. Gemu yetu ya bao tuliitengeneza watu wawili katika chumba cha kupanga Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, na mchapishaji wa nje alipotuandikia asilimia 60 ya mapato tulisaini wiki ileile, bila kuuliza ni asilimia 60 ya nini. Mkataba ulisema mgawo wetu utahesabiwa baada ya yeye kurejesha gharama zote za matangazo, bila kuweka kikomo wala kutaja stakabadhi. Taarifa ya kwanza ya mauzo ilipofika, mwenzangu aliisoma kwa sauti nami nikaandika kwenye daftari: mauzo yapo, makato ya Steam yapo, halafu mstari mmoja tu wa matangazo uliomeza kilichobaki, na kwenye safu yetu sifuri. Miezi mitatu baadaye mauzo yalipanda, na mstari ule ukapanda nayo. Tulipoomba stakabadhi tulijibiwa kwa adabu kwamba mkataba hauwalazimishi kuzitoa, na kweli haukuwalazimisha. Gemu ilikuwa kwenye akaunti yao kwa miaka saba, kwa hiyo hata bei hatukuweza kuigusa. Mwenzangu alirudi Kondoa kwenye duka la baba yake, na hajaandika programu tena.

Kwa hiyo dai kiwango cha juu cha gharama kiandikwe kwa tarakimu, taarifa ya mauzo ije kila baada ya miezi mitatu pamoja na stakabadhi, na uwe na haki ya kuleta mhasibu wako akague vitabu. Hakimiliki ibaki kwako, mchapishaji apewe leseni ya muda maalumu tu, na haki zote zirudi kwako asipolipa au akifilisika. Uliza pia kodi inakatwa wapi, kwa sababu Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, na mrabaha unaotokana na wanunuzi wa huko unaweza kukatwa asilimia 30 kabla haujakufikia.

Mtafute wakili anayejua hakimiliki, hata kama ni lazima umfuate Dar es Salaam. Usitume msimbo wa gemu kabla ya saini, tunza barua pepe zote, usikubali ahadi ya kwenye simu ambayo haimo kwenye karatasi, na mkataba ulioletwa usiku ukitakiwa urudi asubuhi, usiusaini mpaka wakili aumalize.